Jina Nililolifuta kwenye Saa ya Babu

Ilianza Jumamosi saa kumi jioni, siku moja kabla ya sikukuu ya mavuno usharikani kwetu, Bombo. Nina miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu. Kusema mbele za watu siwezi, ndiyo maana nawaandikia…

Babu yangu haoni vizuri tena. Kila mavuno alipeleka kanisani tangawizi aliyopewa na mjomba. Mwaka huu alitaka kutoa kitu chake mwenyewe: saa ya mkononi aliyoinunua Tanga ujanani, enzi za mkonge. Mgeni wa Moshi anayekusanya saa za zamani aliiona picha yake kwenye simu ya mjomba, akaahidi kuja kuinunua mnadani baada ya ibada.

Babu akanipa niisafishe. "Cha Mungu hakipelekwi na vumbi," alisema.

Chini ya jina la kiwanda kulikuwa na jina la duka lililoiuza. Niliona aibu… wenzangu wa shule si wangesema ni kama fulana ya bure ya matangazo? Nikabandua kioo kwa kisu, nikachovya pamba kwenye dawa ya kutolea rangi ya kucha, nikalifuta jina la duka. Nikajisifu!

Jumapili mgeni aliigeuzageuza saa juani. "Saa za aina hii zipo nyingi, mzee," alimwambia Babu. "Zenye jina la duka lile ndizo adimu. Jina ndilo lililonileta." Akairudisha mezani.

Mzee wa kanisa aliyekuwa akinadi akajaribu kuchangamsha: "Jamani, jogoo kapata watu, saa ikose? Hii hata pumba haili!" Watu wakacheka. Ikaenda kwa bei ya mkungu wa ndizi.

Babu akainama. "Nimeifungua na kuisugua mno miaka yote hii," alisema. "Nimelifuta mwenyewe."

Nilikuwa nimemshika mkono… nikanyamaza. Nina moyo gani mimi?

Wasomaji wenzangu, msirekebishe cha mtu kwa sababu ya aibu zenu. Ulizeni kwanza. Na mkikosea, msimwache mwingine abebe lawama.

Jumatatu asubuhi, kabla ya kwenda shule, nilimpelekea Babu chai. Nikamwamkia, nikapiga magoti, nikamweleza yote.

Akaweka kikombe chini. Kisha akauliza, "Ulilionea aibu jina la duka, au ulinionea aibu mimi?"

Nikamjibu kweli. "Yote mawili, Babu."