Fomu ya Lubumbashi

Eulalie na Cirhuza walianza kwa kugombana. Ilikuwa Agosti, matokeo ya mtihani wa serikali yametoka, na mtaa wa Nyawera umejaa vijana wenye bahasha mkononi wakitafuta vyuo. Cirhuza alikuwa na kibanda cha fotokopi kando ya maegesho ya pikipiki, na kila asubuhi foleni ilifika hadi kwa wauza ndizi. Eulalie, ndani ya gauni la kitenge cha njano lililopigwa pasi likanyooka, alipita mbele ya wote, akasoma jina lake kwenye orodha ya kompyuta, akagonga meza.

"Umeandika jina yangu mubaya."

"Mubaya wapi?"

"Eulalie inaanza na E. Wewe umeanza na U. Ulisoma kweli?"

Foleni ikaangua kicheko. Cirhuza akafuta herufi taratibu, macho yakiwa kwenye kioo cha kompyuta.

"Ukali yote hii, na jua bado haliyapanda? Haya, mademoiselle. Chuo gani?"

"Lubumbashi. Udaktari wa ngombe."

Hapo ndipo alipomtazama. "Tangu asubui nimejaza fomu makumi tatu. Huyu anafuata rafiki yake. Yule anafuata jina ya chuo. Ule mwenye miwani, padri wao njo alimuchagulia. Wewe unafuata nani kule mbali?"

"Si nimekwambia? Nafuata ngombe."

Hakutania. Alipokuwa na miaka kumi na miwili, ng'ombe wanne wa bibi yake kule Kavumu walikufa ndani ya wiki moja, na hakuna mtu aliyejua ugonjwa ulikuwa gani. Bibi yule alikaa mlangoni siku tatu bila kula. Tangu siku hizo Eulalie alikuwa amekwisha kuchagua, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Cirhuza alimfungulia anwani ya barua pepe, akaijaza fomu yote, akasema ataituma jioni mtandao ukikaa vizuri. Jioni akapiga simu. Kesho yake akapiga tena.

"Ngombe banasema nini?"

"Banasema we ni musumbufu."

"Na mwenye ngombe?"

"Mwenye ngombe iko nafua nguo. Kata simu."

Lakini hakukata yeye. Kufikia Septemba walikuwa wakikutana kila Jumapili baada ya misa, Cirhuza na shati jeupe lenye kola ngumu, wakishuka polepole kuelekea ziwani huku wakibishana kuhusu kila kitu. Alimwita "chérie mukali", mpenzi mkali. Eulalie alijifanya kuchukia jina hilo.

Lubumbashi haikujibu. Kila wiki alimuuliza Cirhuza, na kila wiki Cirhuza alifungua kompyuta akatikisa kichwa. "Bado, chérie. Pengine banachagua batoto ba kule kwao."

Oktoba ikaja. Baba yake, Papa Donatien, mwalimu mstaafu, hakuficha furaha. Yeye alikuwa na kanuni moja: binti hasomi mahali ambapo baba yake hawezi kufika kwa mguu. Akamwandikisha sheria, katika chuo cha dakika ishirini kutoka nyumbani. Eulalie alilia siku moja, akanunua madaftari.

Januari, Marie-Louise, aliyeketi naye darasani, alimwonyesha namna ya kufungua barua zake kwenye simu. Barua za kuingia hazikuwepo. Chini, upande wa barua zisizotumwa, kulikuwa na moja tu. Ilikuwa fomu ya Lubumbashi, ya tarehe kumi na nne Agosti, imejazwa mpaka mstari wa mwisho.

Alitoka darasani profesa akiwa bado anasema.

Kibandani kulikuwa na wateja wanne. Aliiweka simu juu ya mashine.

"Soma."

Cirhuza alisoma. "Ile siku mtandao ilikuwa..."

"Usiniletee bongo, uongo wako! Miezi mitano mtandao ilikuwa mubaya?"

"Eulalie, tuongee inje."

"Tutaongelea hapa. Batu basikie. Ulituma fomu za batu bote hapa Nyawera. Yangu tu njo uliacha?"

Cirhuza akasema kwa sauti ya chini, "Ungeenda, usingerudi."

"Na kila wiki ulifungua mashine, ukatikisa kichwa. Nikakuhurumia wewe, ju nilizani unasikia uchungu pamoja na miye!" Aliichukua simu yake. "Mwizi anaiba redio. We umeiba mwaka wangu."

Eulalie alimzuia kwenye simu, na Marie-Louise alipomletea ujumbe wa Cirhuza aliurudisha bila kuusikiliza. Chuki ile ilimchosha kuliko masomo, maana kila Jumapili mguu ulitaka wenyewe kushuka ziwani.

Mwezi wa tatu, Jumapili mchana, Cirhuza alibisha hodi nyumbani kwao. Eulalie alikuwa sebuleni na wazazi wake. Alisimama ili atoke, mama yake akamshika mkono.

"Papa Donatien," Cirhuza alisema bila kuketi, "Eulalie hakukataliwa Lubumbashi. Miye njo sikutuma fomu. Nilimudanganya, na ninyi pia."

Eulalie alimtazama baba yake akingoja radi. Papa Donatien alivua miwani, akaifuta, akatabasamu.

"Keti, kijana. Ulifanya kazi yenye miye nilishindwa. Ulimubakisha mutoto nyumbani. Ukitaka kumuoa, leta wazee wako. Mlango iko wazi."

Cirhuza alikuwa amepewa kile kile kilichomfanya aibe. Uso wake ulijikunja kama wa mtu aliyepigwa kofi.

"Hapana, Papa. Usinishukuru. Sikukuya kuoa. Nilikuya kusema nilifanya mubaya."

"Toka," Eulalie alisema. Cirhuza akatoka. Kisha Eulalie akamgeukia baba yake, machozi yakimtiririka. "Yeye angalau anaona haya!"

Mama yake, ambaye hakuwa amesema neno, aliweka kikombe chini. "Donatien, ngombe za maman yangu zilikufa. Mwaka huu mutoto anaenda."

Agosti hiyo Eulalie aliituma fomu kwa mkono wake mwenyewe. Mwezi mmoja baadaye jibu likaja: amepokelewa.

Asubuhi ya safari alimkuta Cirhuza kwenye kituo cha magari ya Uvira, shati halijapigwa pasi.

"Utanisamehe?"

"Sijui. Nikikuona tu hasira inapanda."

"Nikungoje?"

"Usijifanye mutakatifu." Alipakia sanduku mwenyewe. Lakini kabla mlango haujafungwa alitoa simu, akaiondolea namba yake kizuizi, akamwonyesha. "Siyo ahadi."

Gari lilishuka vilima hadi Kamanyola, likaingia bonde lenye joto. Jioni, bandarini Uvira, akingoja meli ya Kalemie, njiani kwenda Lubumbashi, alimpigia mama yake. Kisha akaishika simu muda mrefu, akampigia Cirhuza.

"Nimefika Uvira."

"Asante kwa kuniambia."

"Ningali na hasira."

"Najua."

Watu walikuwa wakisukumana na magunia, wengine wakiitana.

"Basi nikuache upumuzike," Cirhuza akasema.

"Cirhuza."

"Naam?"

"Usikate."