Sabuni Kwenye Kinu

Kila Jumamosi asubuhi, baada ya kufagia uwanja na kuosha vyombo, Chiriku alikuwa na kazi moja aliyoachiwa peke yake: kusaga kimea. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na jina hilo la ndege alipewa kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Aliishi na shangazi yake, ambaye alitengeneza nyumbani kinywaji cha kimea, yaani nafaka iliyoloweshwa ikachipua, kisha ikaanikwa. Kinywaji hicho hakikulevya, na wenye sherehe walikiagiza wiki nzima kabla.

Zamani walipeleka kimea kwenye mashine ya mtaa. Huko kilisagwa kikawa unga laini, na kinywaji kikatoka kizito kama uji wa mgonjwa, hakichujiki. Ndipo Shangazi alipokwenda na Chiriku kwa Fundi Miwani, aliyeuza na kutengeneza vifaa vya chuma, kutafuta kinu cha mkono. Chiriku alikipenda kimoja chekundu kilichong'aa kama gari la bwana harusi. Shangazi alitoa kimea mkobani, akakijaribu hicho na kingine cheusi kilichokuwa na rola mbili za chuma.

"Tazama," akasema, akikunjua viganja vyote viwili. "Kile chekundu kimesaga mpaka ganda. Hiki cheusi kimepasua punje tu, ganda limebaki. Ganda ndilo litakalotuchujia. Rangi hatuinywi."

Wakachukua cheusi. Fundi Miwani alimfundisha Chiriku kukitunza: achambue mawe kabla ya kusaga, akimaliza alegeze rola, apitishe brashi kavu, kisha atie tone la mafuta pale mpini unapozungukia.

"Na maji?" Chiriku aliuliza.

"Kinu hakiogi," fundi alijibu.

Kwa miezi miwili Chiriku alifanya alivyoagizwa. Jumamosi moja wenzake walikuja kumwita kwenye mpira wa pete, na yeye ndiye mfungaji wao. Unga ulikuwa umeganda kwenye rola, na kuusugua kwa brashi kungemchukua nusu saa. Alitazama huku na huku, akachota maji ya sabuni, akakimwagia kinu mpaka povu likatoka kila upande. Alikisuuza, akakitia guniani kikiwa bado kinadondosha maji, akakimbia.

Siku ya Jumatano roho ilimsuta, akafungua gunia. Rola zilikuwa zimegeuka rangi ya chai. Aliikwangua kutu kwa ukucha, nayo ikambakia kidoleni. Akalifunga gunia kama lilivyokuwa. Alijiambia atamweleza Shangazi jioni. Jioni ilipita, na Alhamisi ikapita.

Ijumaa, Chiriku akiwa shuleni, Shangazi alisaga mwenyewe. Ukumbini mlikuwa na mwanga hafifu, na alikuwa na haraka, kwani mkunga wa mtaa alikuwa anastaafu na alikuwa ameagiza ndoo mbili. Kesho yake, saa chache kabla ya wageni kufika, Shangazi alionja kinywaji, akatema. Kilikuwa na ladha ya msumari. Ndoo zote mbili zikamwagwa mtaroni, na mkunga aliyewazalisha nusu ya akina mama wa mtaa akawapa wageni wake maji matupu.

Shangazi alikitazama kinu mchana, akaona kutu kwenye rola, akakibeba kichwani. "Twende," alimwambia Chiriku. "Yule mtu ametuuzia chuma kibovu."

Dukani palikuwa na wateja watano au sita. Shangazi hakupunguza sauti. "Fundi, mimi nilikuamini. Umenipa takataka, nimeaibika mbele ya watu. Kuanzia leo nitamwambia kila mtu asikanyage hapa."

Wateja wawili walirudisha bidhaa walizokuwa wameshika, wakatoka polepole. Fundi Miwani alifungua boliti za kinu. Chini ya nati palikuwa na sabuni iliyokauka, nyeupe kama chaki. Aliitazama, akamtazama Chiriku, akainamisha kichwa.

"Kiache hapa, dada," alisema. "Nitakishughulikia."

Chiriku alitamani ardhi ipasuke immeze. Nyumbani chakula kilimshinda, akajilaza kitandani, na Shangazi alipomgusa paji la uso kuangalia kama ana homa, machozi yakamtoka.

"Shangazi, fundi hana kosa. Ni mimi. Nilikiosha kwa maji na sabuni. Nikaiona kutu Jumatano, nikanyamaza."

Shangazi aliketi kando yake.

"Kumbe nimemvunjia mtu heshima bure," alisema. "Tutarudi kesho, muda ule wenye wateja."

Kesho yake Shangazi alisimama pale pale alipokuwa amesimama jana. "Fundi, jana nilikusema vibaya mbele za watu. Sikuuliza, nikahukumu. Naomba unisamehe." Chiriku hakuwahi kumwona mtu mzima akiomba msamaha kwa namna hiyo, na kujua kwamba yeye ndiye aliyemfikisha hapo kulimchoma. Akasogea mbele, uso ukiwaka kwa aibu.

"Mimi ndiye niliyekiosha. Fundi alinikataza. Nisamehe, Fundi."

"Sabuni niliiona," Fundi Miwani alijibu. "Lakini sikutaka kukuumbua mbele za watu. Nilitaka useme mwenyewe."

Alimpa brashi ya waya. Chiriku alisugua rola mpaka mikono ikafa ganzi, kisha akasaga kimea cha kutupa mara tatu, hadi kikatoka bila wekundu. Kutoka hapo alikwenda kwa mkunga, akasema tena yale yale. Mkunga alimsikiliza mpaka mwisho. "Nimekusikia, binti," alisema. Wiki iliyofuata akaletewa ndoo mbili, naye akaonja na kutikisa kichwa kwa kuridhika.

Siku hiyo Shangazi alimketisha Chiriku karibu yake.

"Ungeniambia Jumatano, tungesugua kutu, yakaisha humu ndani," alisema. "Kosa la kwanza lilikuwa la maji na sabuni, na hilo lina dawa. La pili lilikuwa kunyamaza, na hilo lilimwangukia mtu asiyehusika. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ukikosea, mwanangu, sema mapema, kabla mwingine hajalibeba kosa lako."

"Nimesikia, Shangazi," alisema Chiriku, akachukua brashi kavu.