Chini ya Vigae vya Mjomba

Sakafu ya sebule mpya ilianza kutoa jasho kabla rangi ya ukuta haijakauka. Mke wa mjomba alipiga deki asubuhi, na kufika mchana vigae vilikuwa vimelowa tena. Mjomba akamlaumu fundi. Fundi akailaumu saruji. Mjukuu, msichana aliyelelewa na bibi katika nyumba ile, alijua sebule ile imekalia nini.

Imekalia kidimbwi cha bibi.

Bibi alifundisha sayansi mpaka nywele zikawa nyeupe kama chaki yake. Kidimbwi alikichimba mwenyewe, kwa sababu shuleni walitaka wanafunzi wapasue vyura, naye akakataa katakata. "Ukimpasua utajua alivyokuwa," alisema. "Mimi nataka mjue alivyo." Basi darasa zima likawa linakuja uani kwake, linalala kifudifudi kando ya maji kutazama viluwiluwi vikiota miguu. Wengine walikuja kuwa madaktari. Wengine walibaki waoga wa vyura vilevile. Kila asubuhi bibi aliinama juu ya maji akasema, "Hamjambo, wapangaji?" kisha akatulia kidogo, kama mtu anayeitikiwa. Mjukuu alidhani ni utani wake.

Bibi akafariki. Udongo wa kaburi lake haujakauka, mjomba akaleta kifusi kukifukia kidimbwi. "Mazalio ya mbu haya," alisema. Vyura hawakutolewa. Mjukuu alilia, akatukana, akafungiwa chumbani, na akiwa humo akawasikia wakilia mpaka zege lilipomwagwa.

Sasa vyura walianza kulia tena. Kwanza mmoja, mchana kweupe, chini ya kochi.

"Umesikia?" mke wa mjomba alinong'ona.

"Nimesikia, mkaza mjomba."

"Usimwambie mjomba wako."

Harufu ikafuata, harufu ya tope bichi na majani yaliyooza, ikapanda mapaziani, ikaingia katika nguo zilizokunjwa kabatini, na maji yakawa yanapenya kwenye maungio ya vigae yakibeba viluwiluwi vyeupe visivyo na macho, mpaka siku ile mjomba, akiwa mezani na kijiko mkononi, alipofungua mdomo kuomba chumvi, ikatoka sauti isiyo yake, nzito, iliyojaa maji, ikasema, "Mmenizika nikiwa hai."

Mke akakimbia kumleta mganga, mwanamke wa makamo asiye na maneno mengi. Mganga alifukiza ubani, akachuchumaa mbele ya mjomba.

"Wewe ni nani?"

"Nilikuwa hapa kabla ya nyumba. Mwalimu alinijua. Alinisalimia kila asubuhi, nami nikamwitikia." Macho ya mjomba yaligeuka polepole mpaka kwa mjukuu. "Huyu mwanawe niliyemkalia hata hodi hakupiga."

"Unataka nini umwache?"

"Nifungulieni."

Mganga akasimama. "Vunjeni sakafu. Hapa hakuna cha kubembeleza."

Mjukuu hakungoja kutumwa. Alichukua sururu, akaipiga sakafu kwa hasira aliyoilimbikiza tangu mazishi, vigae vikaruka, zege likapasuka, mikono ikachubuka naye akaendelea kupiga. Chini hapakuwa na kifusi. Palikuwa na maji meusi, tele mpaka ukingoni, yametulia kama yanayosikiliza.

Mjomba akatapika tope, akafumbua macho.

"Nani kavunja sakafu yangu?"

"Paache wazi," mganga alisema. "Ukipafukia tena, usiniite."

"Toka kwangu. Mama yangu alikuwa mwalimu wa sayansi, hakufuga majini. Na mimi sitawaliwi na vyura."

Mganga akabeba chetezo chake akaondoka bila kuaga. Mjomba akaburuta koleo kutoka uani, akaanza kuchota mabonge ya zege.

Mke alimshika mjukuu kiwiko. "Mzuie, mwanangu," alinong'ona. "Tafadhali."

"Nilimzuia mara ya kwanza, mkaza mjomba," mjukuu alisema. "Mkanifungia."

Akaiegemeza sururu ukutani, akasogea kando.

Mjomba alimwaga koleo la kwanza. Maji yakalimeza bila sauti. Akamwaga la pili. La tatu, ncha ya koleo iligusa maji, na haikurudi juu; kitu kilikuwa kimeshika upande wa pili, kinavuta taratibu, na mjomba, mbishi tangu utotoni, hakuachia mpini.