Mvua Ambayo Haikuandikwa Ubaoni

Kila Jumapili, chai ya asubuhi ikishanywewa, Ami Nusrat aliteremka hadi kwenye ubao wa darajani na chaki mfukoni. Ndiye aliyetunza vipimo vya hali ya hewa kijijini Chorbed, na ndiye aliyepigiwa simu kutoka mkoani kupewa utabiri wa wiki. Jumapili ile ya mwanzo wa Septemba, Munavvara, msichana wa miaka kumi na miwili, alitua ndoo yake akausoma ubao: "Bonde zima: hali kavu, joto. Mchana nyuzi ishirini na nane. Upepo hafifu. Mvua hakuna."

Alikimbia kumweleza Bibi Hosiyat, nyanya yake, ambaye macho yake hayakuweza tena kusoma chaki.

"Nusrat yuleyule wa mwaka jana?" Bibi aliguna. "Aliandika manyunyu, tukanyeshewa siku mbili mfululizo, zabibu zikaota ukungu. Haya, tutafanyaje? Zimeshaiva."

Jumatatu walichovya vichala katika maji ya moto yenye magadi, wakavianika juu ya paa lao bapa la udongo. Zabibu kavu ndizo zilizowanunulia makaa ya mawe kila mwaka. Zikiharibika, jiko lingezimika katikati ya theluji, na kifua cha Bibi hakikuvumilia baridi.

Jumanne alasiri Munavvara alikuwa juu ya paa akigeuza vichala alipochungulia ua wa jirani. Ami Nusrat alikuwa anavuta nailoni kubwa juu ya zabibu zake. Aliikandamiza kwa mawe pembe zote, akatazama kushoto, akatazama kulia, kisha akaingia ndani haraka.

Munavvara alishtuka. Anga lilikuwa jeupe bila hata wingu moja. Mbona afunike zabibu mtu aliyeandika kwamba mvua hakuna?

Alishuka akamkuta Ruzigul, binti wa Ami Nusrat, akifagia mlangoni.

"Ruzigul, baba yako anafunika nini?"

"Kwani wewe umeajiriwa kuulinda ua wetu?"

"Nimeuliza tu."

"Na mimi nimefagia tu. Sogea, vumbi litakuingia kwenye hiyo pua ndefu."

Jibu lile lilimchoma. Wanaficha kitu, aliwaza. Huyu mzee anajua mvua inakuja. Anataka za wenzake zioze, zake ziwe peke yake sokoni! Kadiri alivyowaza ndivyo alivyozidi kuamini, na alipofika kwa Bibi, maneno yalimtoka yakiwa yamekwisha kuota miguu.

"Bibi, nimemsikia Ami Nusrat akisema mvua inakuja!"

"Umemsikia kwa masikio yako?"

Munavvara alitazama pembeni. "Ndiyo."

Walikusanya vichala vyote, vikiwa bado na maji tele ndani, wakavirundika pembeni mwa paa na kuvifunika kwa turubai. Kisha wakaisubiri mvua. Jumatano jua liliwaka. Alhamisi likawaka zaidi.

"Mbona haiji?" Munavvara aliuliza.

"Mvua haina haraka kama wewe," alijibu Bibi. "Usiguse turubai."

Alhamisi hiyo Munavvara aliporudi kutoka shuleni aliwakuta nyigu wakizunguka paa. Maji mekundu yalikuwa yakichuruzika ukutani. Alipoinua turubai, joto na harufu ya kuchacha vilimpiga usoni.

Bibi alipoona, alifunga kitambaa chake vizuri kichwani, akamshika mjukuu wake mkono hadi kwa jirani.

"Nusrat! Ubaoni unaandika jua, nyumbani unasema mvua? Zabibu zangu zimechachia chini ya turubai kwa ajili ya mdomo wako!"

"Mvua?" Ami Nusrat alitoa macho. "Wallahi sijasema, mama yangu. Nani kanisikia?"

"Mjukuu wangu huyu hapa."

Majirani wawili walikuwa wamesimama njiani, masikio wazi. Mmoja wao alitikisa kichwa. "Sasa huo ubao wake tuusome wa nini?"

Munavvara alimwona Ami Nusrat akiinamisha uso kama mtu aliyepigwa kofi. Angenyamaza, kila mtu angemwamini yeye.

"Hajasema," alisema kwa sauti nyembamba. "Nilimwona akifunika zabibu, nikadhani. Sikumsikia akisema chochote."

Bibi aliuachia mkono wake. Ami Nusrat aliwapeleka uani akainua nailoni. Harufu kali ya kiberiti iliwakohoza wote. Zabibu zilikuwa na rangi ya dhahabu.

"Ni moshi wa salfa, huzuia zabibu zisigeuke nyeusi," alisema. "Mnunuzi mmoja anataka zabibu za njano. Moshi kwanza, jua baadaye. Nilijificha kwa kuogopa kuchekwa nikishindwa. Nami nina kosa. Lakini mwanangu, kuuliza si ujinga. Mlango wangu ulikuwa wazi."

"Niliuliza, nikaambiwa nina pua ndefu."

Ruzigul aliangalia chini. "Ni ndefu kweli," alinong'ona, "lakini nitakuja kuwasaidia."

Siku tatu kavu zilikuwa zimebaki. Jioni hiyo wote wanne walichambua rundo, wakazianika zabibu nzima moja moja. Zilizochacha zilitiwa mtungini ziwe siki. Kufikia Jumapili robo ilikuwa imepotea, lakini zilizobaki zilikauka vizuri, na makaa ya mawe yangepatikana.

Munavvara alifunga mdomo wa gunia la mwisho. "Bibi, bado umenikasirikia?"

"Nilikasirika Alhamisi. Leo nimechoka tu." Bibi aliketi juu ya gunia. "Sikiliza. Jicho lako liliona nailoni, na hiyo ilikuwa kweli. Ungeniambia hiyo nailoni peke yake, ningekwenda kumuuliza Nusrat, tukanywa chai, yakaisha. Ulichoona, sema umeona. Ulichodhani, sema umedhani. Ukivichanganya, unawanyeshea watu mvua isiyo na wingu."