Aliyeulizia Mlango wa Bluu

Mlisikia. Msiniambie hamkusikia. Mshonaji alipiga kelele mara tatu, saa nne asubuhi, na kila mmoja wenu, nyinyi wenzake wa kiwandani mliotoka zamu ya usiku, akaongeza sauti ya redio.

Inspekta alimkuta sakafuni kando ya cherehani, uzi ungali kwenye sindano. Mumewe, ambaye marehemu alimkimbia mwaka jana, alikamatwa kabla ya adhuhuri, shati lina damu. Hilo lilikuwa jepesi. Lakini nani alimwonyesha njia?

"Aliulizia mlango wa bluu," jirani alisema, akiangalia viatu vyake. "Nikamwambia hapa hakuna. Akafuata mlio wa cherehani."

Kweli haukuwepo. Marehemu aliupaka kijani siku ya pili baada ya kuhamia. Bluu ilibaki mahali pamoja tu: katika ujumbe wake wa kwanza kwa dada yake.

"Sikumwambia hata mto wangu, afande," dada alisema. "Simu hii nalala nayo."

"Mliandikiana kwa programu gani?"

"Ya kiwanda. Mimi niko tawi la pili."

Kiwandani, fundi wa mtandao alikaa chumba kisicho na dirisha. Kiti kimoja, kikombe kimoja. Inspekta alisimama.

"Nani alizima usimbaji, ile kufuli ya ujumbe?"

"Simu za wafanyakazi ni kuukuu, zilikuwa zinasuasua. Bosi akasema ondoa kufuli hiyo. Nikaondoa."

"Ujumbe ukawa unapita hapa uchi."

"Kama barua isiyo na bahasha."

"Nawe ukasoma."

Fundi akazungusha kikombe.

"Fundi, mlango ni wa kijani. Bluu imetoka humu."

Fundi akafuta meza isiyo na vumbi. "Kila jioni alimwuliza dadake: umekula? Mimi hakuna anayeniuliza. Nikawa najibu kimoyomoyo: nimekula. Juzi akaandika anaacha kazi, anahamia kwa dadake. Namba ya mume nilikuwa nayo. Aliwahi kumwandikia dadake namba hiyo, asiipokee. Nikaona mume akija watapatana, atabaki; nikampigia, nikamwelekeza. Alilia kwenye simu, afande. Mwanamume mzima."

"Atabaki," Inspekta alirudia. "Basi amebaki."

Garini, Inspekta alitazama simu yake. Tangu asubuhi hakuna aliyemtafuta. Akaandika kwa binti yake, "Umekula?" Kidole kikasita. Akakagua kwanza kama kufuli ipo.

Nanyi zimeni redio. Leo hii, kabla hamjatuma neno jingine, nendeni kwa bosi wenu mkamwulize kwa nini aliagiza kufuli iondolewe, na msibanduke mlangoni kwake mpaka irudi.