Nani Anaharibu Maji ya Chemchemi?

Mama Rangi alikuwa hamwamini mtu. Hata kwa muuza nyanya, aliitazama mikono yake kabla ya kumtazama usoni. Kazi yake ilikuwa kutia vitambaa rangi, nyumbani kwake juu ya kilima. Asubuhi alichemsha, mchana alianika. Jioni maji yaliyobaki, yenye rangi na dawa kali, aliyamwaga katika shimo la mawe nyuma ya nyumba. Shimo lile lilimfurahisha mno. Mwaga utakavyo, halijai!

Chini ya kilima palikuwa na bustani ya mapumziko kando ya mto. Hapo chemchemi ilitoka mwambani na kujaza bwawa la kuogelea. Binti yake alilipenda bwawa lile kupita kiasi. Lakini siku hizi kila akirudi, ngozi ilimwasha na macho yalikuwa mekundu.

"Ni yule mlinzi wa bustani," Mama Rangi alimwambia mumewe. "Anatia kitu majini."

"Umemwona?"

"Lazima nimwone? Mtu gani anachekacheka na kila mtu vile? Ana lake jambo."

"Haya, inspekta," mumewe akasema.

Mama Rangi hakucheka. Usiku binti alijikuna mpaka akatoka damu, na yeye roho ilimuuma. Akawaambia akina mama wenzake, nao wakawakataza watoto wao bwawa.

Jioni moja akajibanza kichakani. Mlinzi akaja na chupa, akainama pale maji yanapotokea. Mama Rangi akachomoka mbio.

"Leo nimekukamata! Unamwaga nini humo?"

"Salale! Mama, umenishtua. Simwagi, nachota. Nampelekea mtaalamu wa maji apime. Hebu tazama."

Akainua chupa. Maji yalikuwa na ubuluu hafifu.

"Na yametoka wapi haya?" Mama Rangi akauliza, bado amekunja uso.

"Huko juu. Maji yakipita kwenye udongo, udongo huyachuja. Lakini kilima hiki ni mwamba wenye nyufa. Nyufa hazichuji kitu. Kinachomwagwa juu kinatokea hapa, kwenye ngozi za watoto. Sijui ni nani anayemwaga."

Mama Rangi aliitazama chupa. Buluu ile aliijua. Aliichemsha mwenyewe wiki nzima. Akaketi juu ya jiwe.

Alipofika nyumbani, binti alimkimbilia mlangoni. "Mama, umemshika?"

"Nimemshika."

"Ni nani?"

"Ni mimi, mwanangu. Nisamehe."

Kesho yake aliwaita akina mama, akamwomba mlinzi radhi mbele yao. Aibu ilimwasha kuliko upele. Mlinzi akafunga bwawa mpaka maji yapimwe tena. Mume akajenga birika la saruji lisilovuja. Sasa maji ya rangi hutumika tena na tena, yanayobaki hukauka juani, na masalio huchukuliwa na watu wa taka. Shimo likazungushiwa ukuta, asimwage mtu.

Siku bwawa lilipofunguliwa, Mama Rangi alishuka na binti yake. Mlinzi alimwonyesha majibu ya vipimo: maji ni salama. Mama Rangi akayachota kiganjani, akanusa, akayaangalia kwenye jua. Kisha akaushika mkono wa binti yake, wakaingia majini wote wawili.