Siku Tisini na Moja za "Hapana"

"Mama, toa mkono mlangoni."

Askari wa kike ndiye aliyesema hivyo. Saa nne asubuhi, jua limeshawaka, na majirani wamejaa kwenye korido utafikiri kuna kitu kinagawiwa.

Mimi nimesimama mlangoni kwangu, mkono mmoja huku, mwingine kule. Nimeziba njia kwa mwili mzima.

"Huyu ni mwanangu! Hakuna wa kumtoa humu ndani!"

"Tumeambiwa mtoto ameumizwa mkono. Tunampeleka hospitali. Toa mkono, mama."

Nyuma yake alisimama dada wa ustawi wa jamii. Yule yule aliyekuwa anakuja kila mwezi kuniita mzazi wa mfano! Siku hiyo hakunitazama usoni.

Akapita chini ya kwapa langu. Akatoka na Kibonge, binti yangu wa miaka mitatu, amembeba kama mtu aliyebeba mayai.

Nyuma yao akatoka Chiriku, dada yake, miaka kumi. Ana begi la shule mgongoni, limejaa nguo.

Mtoto alikuwa ameshapanga begi... na mimi sikujiuliza alilipanga saa ngapi. Akili yangu yote ilikuwa inatafuta adui.

"Nani amewaambia?" nilipiga kelele. "Nauliza, nani?"

Wakanipita, wakaelekea kwenye gari.

Ngojeni niwarudishe nyuma kidogo, mjue mnasoma habari za mtu wa aina gani.

Mimi ni dobi. Mchana napiga pasi dukani, jioni narudi na mzigo mwingine nyumbani. Baba yao aliaga kwamba anakwenda kutafuta kazi, Kibonge akiwa na miezi minne, na mpaka leo bado anatafuta.

Sisemi hayo ili mnionee huruma. Nasema ili mjue hasira zangu zilikuwa zinapikwa wapi. Zilikuwa zinapakuliwa kwa Chiriku.

Tulimpa jina hilo kwa sababu alianza kuongea kabla ya kutembea. Alipofika miaka tisa mwalimu wake akaniita. Mtoto haongei darasani, akasema, na ana alama nyuma ya miguu.

Alama za mkanda. Mkanda wangu.

Ustawi wakanipa njia mbili. Mtoto aondoke kwangu, au nikubali kuwekewa programu kwenye simu, ya kufundisha wazazi kulea bila kupiga, na wao wawe wananitembelea.

"Huu si mwisho wa dunia," dada wa ustawi aliniambia huku anaiingiza. "Asubuhi itakupa somo dogo. Jioni itakuuliza maswali. Jibu ukweli tu. Ukisema umempiga, hatuji kukufunga, tunakuja kukusaidia."

"Sawa, dada," nikasema. Nilikuwa mpole siku hiyo, mngenipenda.

Asubuhi ya kwanza simu ikaongea, sauti ya mama mmoja laini kabisa: "Habari, mzazi mwenzangu! Leo mpe mtoto wako dakika tano za peke yake. Mwache yeye achague mchezo."

Dakika tano! Mimi hata ya kupiga mswaki naiba!

Kazini niligeuza kichekesho. "Nimeletewa mama mkwe ndani ya simu," niliwaambia wenzangu. "Anaamka kabla yangu, analala baada yangu, na kila jioni anauliza nimemfanyia nini mjukuu wake!" Tulicheka mpaka mmoja wetu akaunguza kola ya mteja.

Siku tatu nilijibu. Siku ya nne nikazima sauti, na tangu hapo sikuigusa tena ile programu. Kweli kabisa, sikuigusa.

Sasa sikilizeni hapa...

Mwisho wa mwezi dada wa ustawi akaja, meno yote nje.

"Hongera, mama! Hujakosa hata siku moja. Masomo yote umemaliza!"

Nikajua mashine imechanganyikiwa, inajijibu yenyewe. Nikaufyata. Nani anakataa sifa za bure?

"Nashukuru," nikasema. "Inanisaidia sana."

Chiriku alikuwa pale pale, anakunja mashuka. Hakuinua kichwa.

Mwezi wa pili, hongera. Mwezi wa tatu nikaambiwa cheti kinaandaliwa. Na muda wote huo mkanda uko kazini, ila sasa nilikuwa napiga mgongoni, ambako sare ya shule inafunika.

Ndiyo. Nilikuwa nachagua pa kupiga.

Ikafika Alhamisi. Nilirudi na mashati meupe ishirini ya hoteli, yanatakiwa asubuhi. Nikamtupia Chiriku simu.

"Mwekee mdogo wako katuni. Mkae kimya."

Hiyo ilikuwa ada ya nyumba yetu. Kila jioni simu iko kwa Chiriku, mimi niko kwenye pasi.

Kibonge akachoka na katuni. Akaja mezani taratibu, akavuta shati moja, akajifunika nalo kichwani.

"Mama, mimi nani?" akacheka.

Alipogeuka, mikono ya shati ikakwama kwenye rundo. Mashati matano yakaenda moja kwa moja kwenye ndoo ya maji machafu.

Safari hii hata mkanda sikuutafuta. Nilimshika mkono, nikamnyanyua juu kwa nguvu zangu zote, nikamtikisa. Nikasikia kitu kinaachia ndani ya ule mkono.

Miaka mitatu, jamani... Mkono wenyewe unaenea kwenye kiganja changu.

Hakulia hapo hapo. Alinitazama kwanza. Kisha akalia kilio ambacho sijawahi kukisikia kwake.

"Mama," Chiriku akasema, "mkono wake hauendi juu."

"Utapoa! Mfunge kitambaa. Mtu akiuliza, ameanguka kitandani. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mama."

Sikumpeleka hospitali kwa sababu hospitali wanauliza. Nikarudi kwenye mashati. Nilifua yale matano upya na kuyapiga pasi, huku mwanangu analia chumba cha pili.

Ijumaa asubuhi ndiyo wakaja wale watu mlangoni.

Gari lao lilipoondoka tu, nikaenda mlango wa jirani. Kwa Mama Gereji. Mume wake ana gereji, na chumba chao na changu vinagawana ukuta. Nani mwingine angesikia?

"Mnafiki mkubwa wewe!" nikampigia kelele mbele ya watu. "Umenichongea! Umefurahi sasa?"

Alikuwa ameshika nguo mbichi, anaanika. Hakurudi nyuma hata hatua moja.

"Si mimi," akasema.

"Muongo!"

"Ningekuwa mimi, ningesema zamani!" "Mwaka mzima namsikia yule mtoto kwenye huu ukuta. Unajua nilikuwa nafanya nini? Naongeza sauti ya redio. Kama unataka kunipiga, nipige kwa hilo!"

Nikarudi ndani, nikakaa kwenye kitanda cha watoto mpaka miguu ikafa ganzi.

Jumatatu nikaitwa ofisini kwao. Chumba kidogo, feni inapiga kelele, mafaili mpaka dirishani.

"Mfupa umevunjika sehemu mbili," dada wa ustawi akaanza. "Utaunga. Watoto wote wawili wako kwa dada yako mkubwa."

"Nani alisema?"

Hilo ndilo neno langu la kwanza! Sikuuliza mtoto amelala vipi. Sikuuliza anaumwa vipi. Naona aibu kuliandika, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Akageuza kompyuta upande wangu.

"Taarifa imetoka kwenye simu yako."

"Yangu mimi?"

"Alhamisi, saa kumi na mbili na nusu jioni. Soma mwenyewe."

Swali lilikuwa moja, limejirudia kutoka juu mpaka chini. LEO UMEMPIGA MTOTO?

Hapana. Hapana. Hapana. Hapana... Siku tisini na moja. Tatu za kwanza zilikuwa zangu, na hata hizo moja ilikuwa uongo.

Na mstari wa mwisho kabisa: NDIYO.

Chini yake kuna nafasi ya mzazi kuandika lolote alilonalo. Palikuwa pameandikwa:

"amemuumiza mdogo wangu mkono. mimi ndiye nilikuwa najibu hapana samahani kwa kudanganya. mimi ni mkubwa naweza kuvumilia lakini kibonge hawezi. msimfunge mama anachokaga sana"

Nilisoma mara moja. Mara ya pili herufi zikaanza kuelea.

Mwanangu! Adui niliyekuwa namtafuta korido nzima, ni mwanangu mwenyewe! Nimempiga wiki baada ya wiki, na kila jioni anabonyeza Hapana ili nisipate matatizo. Siku nilipomgusa mdogo wake, ndipo akasema basi.

"Kuna mengine," dada wa ustawi akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Sisi nasi tulikosea. Tuliangalia majibu, hatukumkalisha mtoto peke yake tukamuuliza."

Akafungua ukurasa mwingine.

LEO UMEMSIFU MTOTO KWA JAMBO GANI? "Nimemwambia anakunja mashuka vizuri kuliko watu wa dukani."

LEO MMECHEZA NINI? "Kuruka kamba. Mama aliruka mara saba akachoka akacheka."

LEO UMEFANYA NINI NA MTOTO KWA UPOLE? "Nimemsuka nywele bila kumvuta."

Ndugu zangu... mimi sijawahi kuruka kamba na mwanangu. Sijawahi kumwambia anakunja vizuri. Nikimsuka, namvuta mpaka machozi yanamtoka.

Alikuwa ananitungia mama! Amekaa hatua tatu tu kutoka kwenye pasi yangu, anaandika mama anayemtaka, kisha ananyanyua kichwa ananikuta mimi.

"Na yale masomo?" nikauliza. "Nani alikuwa anayafanya?"

"Alikuwa anayasikiliza yeye. Anayafanya kwa Kibonge. Daktari alipomfunga mkono yule mdogo, alikuwa analia anataka dakika zake tano na dada."

Nililia pale kitini kama mtoto. Dada wa ustawi hakunibembeleza, na alifanya vizuri.

Sasa ni wiki ya sita. Kesi yangu bado inasikilizwa, na sijui mwisho wake. Ile programu nimeanza upya, somo la kwanza, mimi mwenyewe, kwa kidole changu. Kila jioni inaniuliza kama nimempiga mtoto. Nabonyeza Hapana, na ni ukweli mtupu, kwa sababu nyumba haina mtoto.

Kila Jumamosi naruhusiwa kukaa na watoto saa moja tu kwa dada yangu, yeye akiwepo chumbani.

Juzi nilikwenda na kitana na mafuta ya nywele. Nilikuwa nimekariri yale majibu yote, nikasema nianze kuyafanya kweli, moja moja.

Chiriku akaja akakaa mbele yangu bila ubishi. Nikafungua mafuta. Nikainua mkono wenye kitana...

Akajikunja. Mikono yote miwili juu ya kichwa, macho kayafumba, hata sauti hakutoa.

Kitana kilinidondoka. Dada yangu akasimama, kisha akakaa tena.

"Sikupigi, mama yangu," nikasema. "Nataka kukusuka tu."

"Najua," akajibu, mikono bado iko kichwani.

Anajua, lakini mwili wake haujui. Mwili wake nimeufundisha mimi.

Nikashuka kwenye kiti, nikakaa sakafuni, mikono nimeiweka mapajani anapoiona. Muda ukapita. Kibonge akaja na bandeji yake akanilalia begani. Chiriku akashusha mkono mmoja, kisha wa pili.

"Leo usinisuke," akasema. "Kaa hivyo hivyo tu."

Nikakaa hivyo hivyo mpaka saa yangu ikaisha.

Wewe unayesoma hii, hasa kama una mtoto mtulivu sana. Anakusaidia kazi, hajibizani, halalamiki, na wageni wakija wanakusifu kwa malezi. Kabla hujazipokea hizo sifa, nyanyua mkono ghafla umpangusie vumbi begani, uone atafanya nini.

Mimi miaka yote nilijua wangu ana adabu. Kumbe alikuwa ananiogopa.